Vichwa vya Nguzo

Aendaye Tegeta kwa barabara ya Bagamoyo hakosi kuziona: nguzo nyeupe za saruji zimesimamishwa kando ya njia, hazikubeba paa wala ukuta, zangoja wanunuzi. Asubuhi moja nilishuka kwenye daladala nikamwuliza fundi bei, si kwa kuwa najenga, bali udadisi tu.

"Shikamoo mzee. Wataka kichwa cha majani au cha pembe?"

Cha majani ndicho kile kiitwacho cha Korintho. Cha pembe, chenye mikunjo kama pembe za kondoo dume, ni cha Ionia. Fundi hakuwa na haja ya majina hayo. Ana kalibu zake mbili, humimina zege, hungoja likauke, hupaka rangi. Na kichwa huuzwa mbali na nguzo. Asiye na fedha hununua nguzo kwanza.

Vitruvius, mjenzi wa Kirumi aliyeandika yapata miaka 2000 iliyopita, amesimulia asili ya kile cha majani. Binti mmoja wa Korintho alifariki. Yaya wake akakusanya vikombe alivyovipenda marehemu, akavitia kikapuni, akakiweka kikapu kaburini na kukifunika kigae. Mmea wa akantho ukachipua chini yake, majani yakakikumbatia kikapu, yalipofika kwenye kigae yakajikunja. Mchongaji Callimachus akapita, akaona, akaiga. Kumbe zile baraza za Mbezi zimebebwa na kaburi, wenyewe wakijua wasijue! Na hapo karibu, Kunduchi, chini ya mibuyu, wazee wetu wa karne ya 18 walisimamisha nguzo juu ya makaburi hasa, wakazipamba kwa mabakuli ya kaure ya China. Mengi ya mabakuli hayo yamekwisha kung'olewa. Yamebaki matundu ya mviringo.

Lakini neno hili "kichwa" lanikera kwa sababu nyingine.

Mwaka 1981 wanajimu walitangaza muundo wa faili uitwao FITS, wa kuhifadhia vipimo na picha za nyota. Kila faili huanza na kichwa, kilichoandikwa kwa herufi za kawaida, mistari ya herufi 80 kila mmoja: nini kimepimwa, lini, kwa kipimo gani. Hata programu zote zikifa, mwenye macho atasoma kichwa na kujua kilichomo chini yake. Maktaba ya Vatikani nayo iliuchagua muundo huo kwa picha za miswada yake ya kale.

Mimi sikuwa na hekima hiyo. Marehemu baba mdogo, mvuvi wa Kunduchi, alikuwa na ada ya kupima ufuo kutoka mnazi mmoja hadi ukomo wa maji kujaa, akiandika katika daftari. Maana bahari ilikuwa ikiula ufuo ule mbele ya macho yetu. Mwaka 1996 alinipa daftari niliingize katika kompyuta. Niliingiza namba zote, safu nne, lakini majina ya safu sikuyaandika. Nilijua nitakumbuka. Daftari likaliwa na mchwa.

Majuzi kijana mmoja mtafiti wa pwani aliniomba faili lile. Lilifunguka mara moja, safi, safu nne zimesimama wima kama nguzo za Tegeta. Ya kwanza ni tarehe. Ya pili yasema 31, 30, 30, 28: mita, au hatua za mtu mrefu? Ya tatu labda ni saa. Ya nne ni sifuri tupu, na hapa na pale moja. Kijana alinitazama kwa adabu, akanyamaza. Namba za miaka tisa, na hawezi kuziweka katika hesabu zake.

Nikaenda kwa mama mdogo, aliyebaki peke yake nyumbani. Nikamsomea. Habari ya mita na hatua hakuijua. Mumewe, alisema, alikuwa na kamba, na kamba ile ilipokatika alitumia miguu. Nilipofika safu ya nne aliniambia nirudie tarehe zenye moja, polepole. Nikarudia.

"Hizo," akasema, "ni siku nilizofuatana naye."

Usiku ule nilifungua faili, nikaandika jina juu ya safu ya nne. Juu ya ile ya pili nimeweka alama ya kuuliza.