Sekunde Kumi na Moja

Bibi alisogeza simu sikioni kama anayeongea na mtu wa mbali, akauliza, "Sasa wewe uko wapi humu?"

Nilikuwa nimeshuka Kintinku saa saba mchana, gitaa mgongoni, vumbi hadi kwenye kope. Wimbo niliomchezea ulikuwa umepigwa redioni mwezi mzima. Nikamwambia asubiri. Ubeti wa kwanza ukapita, kiitikio kikapita. Kisha ngoma za kompyuta zikanyamaza na gitaa likabaki peke yake. Nikainua kidole: hapo. Sekunde kumi na moja. Mwenye wimbo akarudi kuimba, mimi nikafunikwa.

"Ndiyo kazi yenyewe hiyo?"

"Ndiyo, Bibi."

Akanirudishia simu, akaendelea kuchambua mlenda.

Kazi yangu ni ya kuitwa. Prodyuza anapiga simu saa nne usiku, nakwenda, nasikiliza mara mbili, napiga mara tano, yeye anachagua vipande anavyovitaka. Nalipwa mkononi na jina langu halibaki popote. Ziarani ni vilevile. Nasimama pembeni ya ngoma, na mashine ya moshi ikiwashwa hata mama yangu mzazi asingenitambua. Mwaka juzi ziara moja ilivunjikia njiani. Mwandaaji akazima simu, sisi tukabaki gesti tunadaiwa siku tatu. Niliuza pedali ya gitaa nikapata nauli.

Zamani, kwenye muziki wa dansi, mwimbaji alimtaja mpiga solo kwa jina katikati ya wimbo, na watu barazani walibishana nani anapiga rithimu vizuri zaidi. Ninapochoka humfikiria Mose Fan Fan. Alizaliwa Kinshasa mwaka 1945, akapiga na Franco katika OK Jazz, bendi ambayo mtu mwingine angezeekea humo. Yeye akaondoka. Miaka ya 1970 akaja huku Afrika Mashariki, akapiga na Orchestra Makassy jijini Dar es Salaam, halafu akaenda London na kundi lake, Somo Somo. Alifariki Nairobi mwaka 2019. Maisha mazima ya kufungua na kufunga sanduku la gitaa. Sijui wangapi wa rika langu wanalijua jina lake, ingawa magitaa ya namna yake wameyacheza harusini tangu utotoni.

Yupo na mwingine ambaye ningependa Bibi amsikie. Mwaka 2002 Hukwe Zawose, Mgogo mwenzetu, alitoa albamu iitwayo Assembly pamoja na Michael Brook, mpiga gitaa la umeme kutoka Kanada. Mara ya kwanza niliisikiliza nikimtafuta Mkanada. Nilidhani gitaa la umeme litaimeza ilimba, maana ndivyo tulivyozoea: chenye waya wa umeme ndicho kikubwa. Kumbe kuna mahali unalisikia gitaa baada tu ya kuacha kulitafuta. Mwaka uliofuata Zawose alifariki.

Lakini sikwenda Kintinku kuzungumzia muziki. Nilikwenda kumwambia Bibi kwamba naacha. Jamaa yangu ameniahidi kazi ya dukani Dodoma, mshahara wa kila mwezi, na nimefikisha miaka thelathini na moja nikilala chumba cha kuchangia. Ugumu ni kwamba gitaa langu la kwanza lilinunuliwa kwa mbuzi wake watatu. Hakuwahi kuwataja tena. Mimi ndiye ninayewakumbuka, mmoja alikuwa na sikio lililokatika.

Jioni tulikula ugali wa uwele, nikaanza. "Bibi, kuna jambo…"

"Hebu niwekee tena ule."

Nikauweka. Safari hii hakuishika simu. Aliiacha juu ya kigoda, akavuta ndoo tupu, akaibana katikati ya magoti. Ujana wake Bibi alipiga muheme, na wanawake wa hapa hupiga ngoma hivyo hivyo, magotini. Akaanza kugonga taratibu chini ya wimbo, wala hakufuata mdundo wa kompyuta. Alitafuta wake. Tulipofika pale panaponyamaza, mikono yake ikawa tayari inamsubiri gitaa.

Wimbo ulipokwisha alisema, "Hapo katikati uliharakisha."

Nilitaka kumjibu kwamba prodyuza ndiye aliyekata, kwamba nilipiga ndefu zaidi na iliyotulia zaidi, ikabakizwa hii. Ila ni kweli, niliharakisha. Siku ile nilikuwa nawahi daladala ya mwisho.

"Lile jambo lako ni lipi?" akauliza.

Simu ilikuwa imebakiwa na chaji asilimia nne. Nililitoa gitaa kwenye mfuko wake, nikaanza kukaza nyuzi.