Cha Akiba Kisife Pamoja na cha Kwanza

Sajini mmoja mstaafu, mzaliwa wa Muyinga na mwenye makazi yake Gitega, alinunua kwa kiinua mgongo chake mashua ndogo ya tanga huko Rumonge, ili yeye na shemeji yake wachukue mizigo katika Ziwa Tanganyika. Kiongozi wao majini kilikuwa simu ya mkononi. Usiku mmoja usio na mbalamwezi wimbi liliingia chomboni, simu ikaloa, ikazimika. Waliona taa mbali, wakazifuata kwa kudhani ni za mjini. Kumbe ni za wavuvi wa ndagala, nazo zilikuwa zikihama. Nyota zilijaa juu yao, lakini hakuna aliyejua kuzisoma. Kulipopambazuka ndipo walipoitambua milima ya kwao.

Aliporudi Gitega alikuwa amekwisha kata shauri kununua simu ya pili. Mkewe, mtunza fedha za nyumba, akamwuliza kwa upole, "Baba watoto, wimbi lililoizima ya kwanza litaisamehe ya pili?"

Swali hilo ndilo kiini cha jambo. Simu hujua mahali ilipo kwa kupokea ishara za setilaiti zisizopungua nne. Mtambo huo wa Wamarekani, ambao setilaiti yake ya kwanza ilirushwa mwaka 1978, hauhitaji mtandao wa simu, mradi ramani iwe imehifadhiwa ndani mapema. Lakini simu mbili zategemea umeme na zaogopa maji vilevile. Cha akiba hakina budi kuwa cha namna nyingine.

Basi fedha zikanunua dira ya sumaku isiyotaka betri, ramani ya karatasi, tochi, na mfuko wa kukinga simu na maji. Sajini alifunzwa jeshini kwamba dira haiwekwi karibu na chuma. Na simu nayo huipotosha sindano. Tena, ziwa hilo limenyooka toka kaskazini hadi kusini kwa kilomita 670 hivi. Burundi iko mashariki, Kongo magharibi. Aliyepotea njia akishika mashariki, huelekea ufuko wa upande wa kwao.

Mwezi wa Desemba familia ilikwenda Muyinga kuwasalimu wazee. Huko ni mbali na Ziwa Tanganyika, lakini mbingu ni ile ile. Jioni, uani, baba mdogo wa sajini, baharia wa zamani, aliwaonyesha nyota tatu zilizojipanga safu moja, zikipanda. Hizo huchomoza karibu mashariki kamili, na huzama karibu magharibi kamili. Watoto wakaleta dira, ikakubaliana nazo.

Tangu hapo, kila safari ya mchana, shemeji huifunika simu kwa saa moja, akashika njia kwa dira peke yake. Chombo cha akiba kisichozoewa ni mzigo tu.