Kibandiko cha Shoga Yangu

Siku ya kuchangia damu kazini kwetu ilikuwa kama sikukuu ndogo. Lilikuwa ghala la vitabu, huko Brooklyn. Vitanda vya kukunja vilipangwa kantini, kila mtu akapewa nusu saa ya mapumziko, na ukimaliza unapokea juisi ya machungwa, biskuti mbili na beji nyekundu ya kifuani ili wakubwa wakuone. Nilikuwa nimechangia mara tatu tangu nitoke Tanga mwaka 1986. Sisemi ni kwa wema mtupu. Nusu saa ya kulala huku unalipwa si haba.

Machi 1990 nesi alisoma fomu yangu akainua uso. "Umezaliwa wapi?" Nikamwambia. Akanieleza kwa upole kwamba mwezi uliopita Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilikuwa imetoa mwongozo mpya: Wahaiti, na Waafrika wa kusini mwa Sahara walioingia nchini baada ya 1977, wasichangie damu kwa sababu ya UKIMWI. Hakuniuliza nimelala na nani, wala kama nimewahi kujidunga sindano. Nilikozaliwa kulitosha. Nilitoka kantini bila beji, mkono wa blauzi ungali umekunjwa, wenzangu wakiutazama.

Aliyenifuata nje ni mwenzangu wa kufunga maboksi, Mzungu mwembamba ambaye kwa utani nilimwita shoga. Kwetu Tanga, shoga ni mwanamke mwenzio wa kutunziana siri. Kwingine neno hilo lina maana yake. Siku aliponiuliza maana, nilimtajia ile ya Tanga tu. Hakuwa ameniambia habari zake, lakini macho ninayo.

Siku hiyo aliniambia. Alipenda wanaume, na damu ya watu kama yeye ilikuwa haitakiwi tangu 1983, walipoombwa wajizuie. Mwaka 1985 kamba ikakazwa: mwanaume yeyote aliyelala na mwanaume mwenziwe baada ya 1977, hata mara moja tu, asichangie maishani.

"Mbona wewe unachangia kila wakija?" nikamkatiza. "Beji zako nazijua."

Ndipo aliponieleza alivyovitumia vibandiko. Baada ya maswali ulipewa vibandiko viwili vya mistari myeusi, kama ile ya bidhaa za dukani. Kimoja kilisema damu yangu itumike, kingine kilisema isitumike. Ulikwenda nyuma ya pazia peke yako, ukabandua kimoja ukakiweka kwenye fomu, na kikishabandikwa jicho halikitofautishi, mpaka mashine ikisome. Utaratibu ule uliwekwa kwa ajili ya anayesukumwa na wenzake kazini, ambaye akikataa watu watajiuliza kwa nini. Basi anajilaza, anakunja ngumi, anajaza mfuko, na mfuko unakwenda kutupwa. Yeye alikuwa amefanya hivyo mara sita.

"Nimekula biskuti zao kumi na mbili," alisema.

Ijumaa ya tarehe 20 Aprili tulitoroka kazi. Wahaiti wa New York waliamua kuvuka Daraja la Brooklyn kwa miguu kwenda Manhattan kupinga, na waliojitokeza walikadiriwa kuzidi 50,000. Palikuwa na ngoma na filimbi, na wazee waliovalia suti za kanisani. Mimi nilifunga kanga kiunoni. Daraja lilitikisika, nalihisi hadi leo kwenye magoti. Mama mmoja wa Kihaiti aliposikia natoka Tanzania alinishika mkono asiuachie. Kisha akamtupia jicho mwenzangu. "Na huyu?"

Ningeweza kusema: huyu naye damu yake wameikataa. Lakini miaka ya mwanzo ya UKIMWI, Wahaiti walikuwa wamewekwa kapu moja na mashoga, watumiaji wa heroini na wagonjwa wa hemofilia, ambao damu yao haigandi vizuri, wakaitwa "H nne" kwa herufi ya kwanza ya majina yao kwa Kiingereza, na pale darajani nilisikia watu wakiapa kwamba wao si kama hao. "Tunafanya kazi pamoja," nikajibu. Yeye alikuwa akitazama maji.

Desemba mwaka uleule marufuku yetu iliondolewa. Kilichotuokoa ni hoja rahisi: muulizeni mtu amefanya nini, msimuulize kwao wapi. Hoja hiyohiyo ingemfaa na yeye, ila hatukumvusha nayo.

Hofu yenyewe siidharau. Kabla ya kipimo kupatikana mwaka 1985, damu iliua. Karibu nusu ya wagonjwa wa hemofilia Marekani waliambukizwa VVU. Hata kipimo kilipokuja, palikuwa na wiki za mwanzo ambazo virusi vimo mwilini na kipimo hakivioni. Baadaye wiki hizo zikapungua zikawa siku kumi hivi, na sheria ikabaki palepale. Aliyemlipa kahaba alisubiri mwaka mmoja. Shoga yangu, aliyekuwa na mpenzi mmoja tangu 1988, alisubiri milele.

Mwaka 1991 tulilala kantini vitanda vya jirani. Nilimwona akitoka nyuma ya pazia, akajilaza, akakunja ngumi. Mifuko yetu ilijaa karibu pamoja, na rangi ni ile ile.

Nilikuwa nimesharudi Tanga zamani pale milele ilipogeuzwa mwaka mmoja bila kulala na mwanaume, Desemba 2015. Miezi sita baadaye watu 49 waliuawa kwenye klabu ya mashoga huko Orlando. Foleni za wachangiaji zilizunguka mitaa, naye alinipigia simu tukakaa kimya muda mrefu. Korona ikaja, damu ikaadimika, na mwaka ukawa miezi mitatu. Uhaba nao hufundisha. Mei 2023 ikaamuliwa kila mchangiaji aulizwe maswali yale yale, awe mwanaume au mwanamke, apende nani.

Alikwenda majira ya baridi yaliyofuata. Pazia hapana, vibandiko hapana. Walimtoboa kidole, wakapima wingi wa damu: 12.4. Mwanaume anatakiwa 13. Nesi akamrudisha, akamwambia ale mchicha.

Alinipigia akicheka mpaka akakohoa. Nikamwambia mchicha hautamtosha, atafute tembele na dagaa. Bado hajarudi kupimwa.