Binti Ndiye Mwenye Kalamu

Fasihi yetu ina mabinti wawili ambao wapenzi wote wa ushairi tunawafahamu, ila sauti zao hatujawahi kuzisikia. Wa kwanza ni Mwana Hashima wa Pate. Mama yake, Mwana Kupona binti Msham, alimtungia utenzi mwaka 1858, akiwa mjane na mgonjwa, miaka michache tu kabla ya kufariki. Wa pili ni binti wa Shaaban Robert, aliyetungiwa na baba yake Utenzi wa Hati, kama ndugu yake wa kiume alivyotungiwa Utenzi wa Adili.

Nimefundisha Kiswahili sekondari kwa miaka 19. Tukifika kwenye tenzi za wasia, maswali huwa ni yale yale: eleza mawaidha aliyopewa binti, jadili kama yana nafasi katika jamii ya leo. Hapo darasa hupamba moto, hasa wasichana, wakikutana na zile radhi tano za Mwana Kupona: ya Mungu, ya Mtume, ya baba, ya mama na ya mume. Wapo wanaosema mama huyu alimfunga mwanawe. Wapo wanaosema alimpa ngao aliyokuwa nayo. Kengele inalia, tunahamia mada nyingine.

Swali ambalo halijawahi kuulizwa darasani kwangu limekuja kuulizwa nyumbani, na mtu wa miaka 13 aliyekuwa anamenya vitunguu.

Binti yangu alimaliza darasa la saba Septemba. Aliyewahi kuishi na mtoto wa namna hiyo anakijua kile kipindi: si wa msingi, si wa sekondari, yupo tu. Asubuhi anakwenda masomo ya kujiandaa na kidato cha kwanza, mchana anakula kama fundi ujenzi, halafu anapekua kabati langu la vitabu. Ndivyo alivyokutana na Mwana Kupona. Kiamu kilimsumbua, ikabidi nimfafanulie ubeti baada ya ubeti pale pale jikoni. Tukafika pale mama anapomwita binti yake aje akae karibu, aje na wino na karatasi. Nikamwambia Shaaban Robert naye kaanza vivyo hivyo: anamkalisha binti kwenye kiti ili aandike.

Akaweka kisu chini. "Kumbe kalamu walikuwa nayo wao?"

"Ndiyo."

"Sasa mbona hawakujibu?"

Nikampa jibu la mwalimu: wasia ni wa mzazi, mtoto husikiliza, ndivyo utanzu wenyewe ulivyo. Akasema "haya", ile haya yao ya siku hizi yenye maana kwamba mjadala haujaisha, akarudi kwenye vitunguu vyake.

Wazazi wenzangu mnaijua hiyo haya. Tunasema mtoto anakua kidogo kidogo, lakini huyu wangu anapanda ngazi: unalala ana magoti ya mtoto, unaamka kavaa viatu vyako. Mwaka jana alikuwa akirudi shule ananisimulia kila kitu, mpaka nani kajikwaa na nani kasahau daftari. Mwaka huu katundika kitenge mlangoni kwake kiwe pazia. Ukitaka kuingia, ubishe hodi. Hebu jaribu kubisha hodi kwenye kitambaa. Unabaki umesimama ukumbini unaita "hodi, hodi" ndani ya nyumba yako mwenyewe.

Hata alipovunja ungo hakuja kwangu. Alikwenda kwa bibi yake, mama mkwe wangu, ambaye humwita "mke mwenzangu" na hugombania naye firigisi kila kuku akichinjwa. Nilirudi kazini nikakuta mambo yamekwisha, kanga zimeanikwa, uji uko mezani. Nikanuna kidogo. Bibi akaniona. "Mwanangu," akasema, "kwani wewe ulifundwa na mama yako?"

Sikufundwa na mama. Nilifundwa na somo yangu, jirani yetu wa nyumba ya tatu. Mila ya pwani ina akili yake. Binti akivunja ungo anakabidhiwa kwa somo au kungwi, mtu mzima asiye mama yake. Wazee walijua kuna maneno ambayo mtoto hawezi kumwuliza aliyemzaa, na kuna majibu ambayo aliyemzaa hawezi kuyatoa bila sauti kumtetemeka. Sawa. Ila mama naye anabaki na kazi gani? Hilo nimekuwa nikijiuliza tangu siku ile ya uji.

Matokeo yakatoka. Amepangiwa shule ya bweni ya wasichana, mkoa mwingine, safari ya basi ya kutwa nzima. Baba yake alifurahi akaleta soda kreti zima. Mimi kesho yake nikaanza kuulizia nafasi kwenye shule ya kutwa ya karibu. Nimesoma bweni miaka 6, najua. Najua foleni ya maji kabla jua halijachomoza. Najua malaria inavyouma ukiwa kitanda cha juu na wenzako wote wako darasani. Najua pia kwamba marafiki zangu wa kweli niliwapata huko huko, na hilo ndilo baba yake alilikazania kila nilipofungua mdomo.

Tulibishana wiki nzima, sisi wakubwa watatu, usiku, kwa sauti ya chini, kana kwamba kitenge kinazuia maneno kupita.

Nilipoona mizani inaelemea upande wao, nikachukua kaunta buku la kwaya mbili nikaanza kuandika wasia wangu. Mwana Kupona aliufananisha wasia wake na hirizi, na kidani cha lulu na marijani. Changu kilikuwa cha wino wa bluu, vifungu 14. Sali. Usiazimishe ndala. Usipande bodaboda ya bure, maana hakuna safari ya bure. Usimcheke asiyejua Kiingereza, na wewe usione haya kukosea. Usilie usiku, lala. Ukiumwa mwambie matroni siku hiyo hiyo, usijikaze. Andika barua kila baada ya wiki mbili. Na mengine ya aina hiyo, mnaweza kuyakisia, maana yumkini nanyi mliandikiwa.

Nikaliweka kitandani kwake. Siku mbili baadaye nikalikuta juu ya mto wangu. Alikuwa ameandika pembeni, kwa kalamu nyekundu, ile yangu ya kusahihishia.

Kwenye bodaboda ameandika: "Sawa." Kwenye kulia usiku: "Nitalia kidogo. Wiki ya kwanza tu." Vifungu vitano amevijibu kwa maswali. Kwenye ndala anauliza: "Hata kama mwenzangu hana kabisa?" Kwenye barua: "Na wewe utaandika? Siyo salamu tu." Halafu kifungu cha 9, kile cha matroni: "Na wewe ukiumwa, nani ataniambia mimi?" Chini yake, kwa herufi ndogo: "Nimeziona dawa kwenye kopo la majani ya chai. Mwana Kupona alimwambia mwanawe kwamba anaumwa."

Nilikaa na lile kaunta buku mpaka chai ikapoa.

Kwenye kopo lile zimo dawa zangu za presha tangu Aprili. Baba yake anajua, bibi anajua. Kwetu maradhi ni habari ya wakubwa. Babu yake alipougua, watoto wa nyumba nzima waliambiwa kaenda Dar kwa shughuli zake. Binti yangu alikuwa na miaka 9, na alikuja kujua siku turubai lilipofungwa uani. Ndivyo wazee wetu walivyofanya kwetu sisi, na sisi tukafanya kwa wetu, na ndani yake mna upendo. Mtoto wa miaka 9 anaachiwa utoto wake. Mpaka leo naona hivyo.

Mtu wa miaka 13 anayekwenda kulala mbali ana hesabu nyingine. Akiwa hapa, anausoma uso wangu. Anajua siku nimeamka vibaya kabla sijatia neno. Akiwa kule atapata maneno tu, na maneno yetu ya barua tunayajua sote: sisi huku hatujambo, hofu ni kwako wewe uliye mbali. Tunaandika hivyo tukiwa wazima, tunaandika hivyo tukiwa hoi. Ni adabu nzuri sana, lakini haimpi mtu habari yoyote. Msomaji mwenye akili akishagundua kwamba "hatujambo" haibadiliki, ataanza kutafuta ukweli kwenye urefu wa barua, kwenye mwandiko, kwenye wiki mbili zilizogeuka tatu. Atakuwa kwenye kipindi cha Hisabati anakokotoa kimya chetu.

Nikaurudia ule utenzi usiku ule, peke yangu. Darasani ile habari ya ugonjwa tunaiita usuli. Mwanafunzi akiitaja anapata alama zake, tunasonga. Lakini tazama mpangilio wake. Kabla ya radhi tano, kabla ya adabu na usafi na jinsi ya kukaa na watu, mama anamwambia binti hali yake. Kwanza anajieleza, ndipo anausia. Binti anayepokea yale mawaidha ameshaambiwa kwa nini yanatolewa sasa. Kumbe hata utenzi ule mkali, ambao wanafunzi wangu wanaulaumu kila mwaka, ulianza kwa kumheshimu msikilizaji wake kiasi hicho.

Nafikiri hapo ndipo nilipoipata kazi inayobaki kwa mama baada ya somo na bibi kuchukua zao. Kuna mambo yaliyo juu ya mwili wa binti, hayo wengine watamfunda. Habari za mwili wangu mimi, nani mwingine atampa?

Basi Jumamosi nikamwambia avae twende wote zahanati. Hakuuliza kwa nini. Nesi akafunga ule mkanda mkononi kwangu, ukajaa upepo, ukapungua, akasoma: 150 kwa 95. Binti akauliza inatakiwa iwe ngapi. Nesi akamwambia chini ya 140 kwa 90, akamweleza na habari ya chumvi, na ya kutoruka siku za dawa hata nikijisikia mzima. Akasikiliza kwa makini ambayo sijawahi kuyaona nikimweleza mimi jambo lolote. Njiani hakunishika mkono, ameshavuka hapo, ila alitembea upande wa barabara, mimi akaniweka ndani.

Jioni baba yake akauliza tumeamuaje. Nikamwambia aende. Akadhani hoja zake za wiki nzima zimefua dafu, nikamwacha na furaha yake.

Sasa tuko kwenye fomu ya kujiunga. Tranka tumepata, godoro la futi mbili na nusu tumepata, ndoo, jembe, fagio la chelewa, rimu ya karatasi. Bibi ameongeza kanga mbili ambazo fomu haikuzitaja, na hakuna wa kumbishia. Kaunta buku binti amekataa kulitia kwenye tranka. Anasema libaki kwangu mpaka nimalize kuandika, maana amelijaza maswali na hajaona majibu.

Namba 9 nimeshaijibu, tarehe na vipimo, na tumekubaliana nitaandika kila nikitoka kupima, iwe nzuri iwe mbaya. Zimebaki nne. Hiyo ya ndala ndiyo ngumu kuliko zote.