Jina la Mjusi na Mlo Wake



Wahenga walisema, katika msafara wa mamba na kenge wamo. Methali hii imenirudia akilini mara nyingi mwaka huu, kwa sababu ya mnyama mmoja mdogo ambaye sijapata kumgusa.

Mjukuu wangu mwenye umri wa miaka 12, aishiye na wazazi wake Leicester, Uingereza, anafuga mjusi wa jangwani mwenye mkia mnene wa miiba. Waarabu humwita dhab. Aliyewauzia aliwaambia kwamba mjusi ni mjusi tu, wamlishe nyenje na funza wa unga. Wakamlisha hivyo kwa miezi kadhaa, hata viungo vikamvimba na kutembea kukawa taabu. Daktari wa wanyama alisema ni jongo: protini ya wadudu imezidi, na figo zimeelemewa.

"Shikamoo babu," mtoto alinipigia simu. "Huyu kwa Kiswahili anaitwaje?"

Swali hilo halikuniacha nilale. Sisi tunalo neno mjusi, lakini wazee wetu hawakuishia hapo. Walimtenga kenge, mwizi wa mayai. Wakamtenga kinyonga, anasaye wadudu kwa ulimi. Wakamtenga guruguru wa mashimoni na mjusi kafiri wa ukutani. Kila jina lilibeba habari za makao, mwendo na mlo wa mwenye jina. Anayewaita wote mjusi huzitupa habari hizo.

Tazama wafugwao majumbani. Yuko mjusi wa madoa kama ya chui, atokaye nchi kavu za Afghanistan na Pakistan. Huyu hula wadudu hai, huwinda giza linapoingia, na akiba yake ya mafuta huiweka mkiani. Ukimpa majani, atakufa njaa akiyatazama. Yuko mjusi mwenye ndevu wa Australia: utotoni hula wadudu kwa wingi, akikomaa mboga za majani huchukua sehemu kubwa ya mlo wake. Kisha yuko dhab, ambaye chakula chake ni majani, maua na mbegu. Maji yake mengi huyapata katika majani hayo, na chumvi iliyozidi huitoa puani, ikakauka kama unga mweupe. Huhitaji pia mahali pa kuota joto la nyuzi 45 hadi 50, kwa maana bila joto tumbo lake halisagi chakula. Hata majani yenyewe yana ubaguzi: spinachi na mchicha si vya kila siku, kwa kuwa vina asidi inayofunga kalisi isiufikie mwili.

Nilimjibu mjukuu wangu kwamba amwite dhab, kama tulivyokwisha kupokea maneno mengi ya Kiarabu, na aongeze "mla majani" ili mgeni yeyote atakayemlisha asikosee. Alikiandika kibandiko hicho kwa Kiswahili na Kiingereza, akakibandika juu ya kioo. Siku hizi dhab hupewa majani ya haradali, maua ya manjano ya bustanini na dengu kavu kidogo. Anakula vizuri, ila mguu mmoja wa nyuma haujanyooka, na daktari hakuahidi kwamba utanyooka.

Wenzangu, tunapobishana juu ya istilahi, wapo wanaotuona watu wa anasa, tusio na kazi. Mguu ule ndio jibu langu kwao. Nanyi mlio na majina ya mijusi ya kwenu, yaleteni hapa pamoja na habari za kile wanachokula. Kwa leo natia beti moja:

Kuna walao majani, panzi hawakuumbiwa,
Na wengine wa jangwani, kwa wadudu hulelewa,
Jina ukilibaini, mlo utatambuliwa,
Neno lisilo makini, hudhuru anayepewa.