Shule za Mlimani, Shule za Pwani

Holili
Nimeingia Tanzania kwa barabara ya Voi na Taveta, nikitokea Mombasa. Nyuma yangu, mtoto wa darasa la nne anasomeshwa kwa Kiingereza. Hapa mwenzake wa rika lake anajifunza hesabu na sayansi kwa Kiswahili, kama ilivyo katika shule za msingi za serikali tangu 1967. Mchaga, Mpare na Mmasai wanakaa dawati moja, na hakuna anayemtangulia mwenzake eti kwa sababu lugha ya shule ndiyo ya nyumbani kwake. Sisi watu wa pwani, wenye lugha hiyo, hatukuifanyia kazi kubwa namna hii.

Moshi mjini
Chini ya Waingereza kila rangi ilikuwa na shule yake na bajeti yake. Arusha, kama kilomita 80 kutoka hapa, shule ya watoto wa Kizungu ilifunguliwa 1934. Mombasa tuliyajua hayo vizuri: Allidina Visram kwa Wahindi, Shule ya Waarabu kwa Waarabu, na Mwafrika akatafute nafasi kwa wamisionari. Tanganyika iliufuta utaratibu huo mwaka 1962. Kenya nayo ilipata msimamo wake katika ripoti ya tume ya elimu, Tume ya Ominde, ya 1964.

Lakini baada ya hapo nchi hizi ziliachana njia. Kwetu, milango ya shule za Wazungu ilifunguliwa kwa kila rangi, ila ada ikabaki kuwa bawabu. Tanzania ilizitaifisha shule nyingi za misheni kwa Sheria ya Elimu ya 1969, na mtoto wa Kiislamu akapata nafasi katika shule iliyojengwa na kanisa kwa haki ile ile ya mwenzake Mkristo. Kwa mji kama Moshi, wenye misikiti na makanisa mtaa mmoja, hilo lilikuwa jambo kubwa.

Kidia, Old Moshi
Daladala inapanda kutoka Kiboriloni, migomba ikizidi kufunga kila kona. Wakatoliki walianza Kilema, kisha Kibosho. Walutheri wa misheni ya Leipzig walifika Machame 1893 na baadaye huku. Mlima ukagawanyika kwa madhehebu, na shule zikafuata kanisa. Kilichozijaza ni kahawa. Wakulima walianzisha chama chao cha kahawa, KNPA, mwaka 1925, kisha chama cha ushirika, KNCU, mwaka 1933.

Mwalimu mstaafu amenikaribisha kihambani, yaani shambani nyumbani kwake. Baada ya shikamoo na marahaba, ameingia ndani na kutoka na bunda la karatasi zilizogeuka rangi: stakabadhi za kahawa za baba yake na za ada ya shule, zimefungwa pamoja kwa uzi mmoja. "Mavuno yakiwa mabaya, mmoja wetu alibaki nyumbani," amesema. "Mara nyingi dada."

Ameniambia pia habari za miaka ya 1970, nafasi za sekondari zilipogawiwa kwa mikoa. Mtoto wa Kilimanjaro aliweza kukosa nafasi kwa alama ambazo mkoani kwingine zingemwingiza. Wazazi na makanisa wakajenga shule zao, na mkoa huu ukawa na sekondari binafsi nyingi kuliko karibu mikoa yote.

Nimemsikiliza nikiwa mtu wa upande wa pili. Pwani ya Kenya tulilalamika kuwa shule zetu zinajazwa na watoto wa bara, na agizo la 1985, la asilimia 85 ya nafasi kwa wenyeji, tulilipokea kama haki iliyochelewa. Bado naamini mgawo ulikuwa na nia njema. Kosa lake ni kuhesabu mkoa badala ya nyumba. Mtoto wa mjane wa mlimani alihesabiwa kuwa na neema ya kahawa, na mtoto wa tajiri wa mkoa uliosahauliwa akahesabiwa maskini. Kufuta ada za msingi, Tanzania 2001 na Kenya 2003, na ada za kidato cha kwanza hadi cha nne hapa mwaka 2016, kuliigusa nyumba yenyewe.

Mwereni
Katika shule ya msingi Mwereni, mjini Moshi, watoto wasioona na wenye ualbino wanasoma pamoja na wenzao. Mmoja anasoma nukta nundu kwa ncha za vidole. Jirani yake ana daftari la kawaida. Mwenye ualbino anahitaji kofia pana na maandishi makubwa. Somo ni lile lile, njia ya kulifikia ndiyo inayotofautiana. Mkoloni alihesabu rangi, serikali huru zikahesabu mikoa. Hapa anahesabiwa mtoto mmoja mmoja, na kinachomzuia kinatafutiwa dawa.

Hilo ndilo ninalotaka bodi za shule zetu Mombasa zilifanye kila Januari: zijue ni mtoto gani wa wadi hii hakufika darasani, na ni kitu gani kimemzuia.