Mtu wa Kariakoo, nenda kapumzike baharini!

Wiki hii tuweke kando habari za mapenzi na mitindo, tuzungumzie kitu ambacho mtu wa Kariakoo hana kabisa: mapumziko.

Si unajua mwenyewe. Pale Mtaa wa Kongo ukiinama kufunga kamba ya kiatu tu, mkokoteni umeshakufikia, mmachinga keshakuuliza kama unataka soksi, na bodaboda anakupigia honi utadhani barabara kairithi kwa babu yake. Zamani angalau usiku mtu ulipumua. Februari 2025 ukazinduliwa mpango wa kufanya biashara saa 24, basi tena! Na jina lenyewe la Kariakoo limetokana na Carrier Corps, kile kikosi cha wapagazi wa jeshi la Mwingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Yaani sisi tangu jina ni watu wa kubeba mizigo.

Wenzetu wenye nazo hupanda zile meli kubwa za watalii, ambazo mojamoja hupita hata kwetu. Katika safari ya wiki mbili au tatu kuna siku meli haigusi bandari yoyote. Siku hiyo hakuna matembezi, hakuna kununua vinyago. Mtu anaamka anapotaka, anakula, anatazama maji, analala tena. Analipa madola kibao ili asifanye kitu!

Sasa nakwambia, raha hiyo iko hapa hapa mjini. Toka Kariakoo, katisha Mnazi Mmoja, pita Mnara wa Saa, teremka mpaka barabara ya Sokoine karibu na Kanisa la Mtakatifu Yosefu. Kwa mguu hufiki hata kilomita tatu. Hapo ndipo zinapofunga boti za Unguja. Panda ya asubuhi, kula mchana Unguja, rudi na ya jioni. Kwa boti ziendazo kasi ni kama saa mbili kwenda na mbili kurudi. Ukitaka zaidi, ipo meli ya magari na mizigo, ambayo haina haraka na mtu.

Tatizo letu ni kuipanda boti kama daladala. Mtu akishakaa macho kwenye televisheni, simu sikioni, anabishana bei ya marobota mpaka Malindi. Bahari yote imempita! Toka nje bwana. Boti ikiachia gati, kushoto utaiona Kivukoni na soko la samaki la Feri, kulia Kigamboni na pantoni zikikatiza na watu wake. Ukishatoka mlangoni mwa bandari, tazama kushoto: Bongoyo, halafu Mbudya. Baada ya hapo maghorofa yanazidi kuwa madogo, mwisho jiji zima unaweza kulificha kwa kiganja. Na simu nayo, huko katikati mtandao unakatakata. Ashukuriwe Mungu! Hakuna anayeweza kukudai.

Ukikaribia Unguja, upande wa kulia utakiona kisiwa cha Chumbe na mnara wake wa taa uliojengwa mwaka 1904. Wazee wetu mnara huo waliufikia kwa jahazi, wakingoja upepo uamue. Hata miaka ya 1990 ilikuwapo meli ya Flying Horse, iliyokuwa ikitoka Unguja usiku na kufika Dar kabla hakujakucha. Abiria waliendelea kulala humo humo mpaka asubuhi ndipo washuke. Hiyo ndiyo ilikuwa safari ya kistaarabu.

Lakini msomaji wangu, tusidanganyane. Safari moja nilikaa nje na mama mmoja anayepeleka vitenge Darajani. Nikamwambia, "Shikamoo mama, mbona huingii ndani kwenye kiyoyozi?" Akajibu, "Marahaba mwanangu. Mie tangu ile ya Nungwi nakaa ninapoona mlango." Akavuta khanga yake, akaendelea kutazama maji.

Nani wa kumlaumu? MV Bukoba ilizama Ziwa Victoria tarehe 21 Mei 1996. MV Spice Islander ikazama usiku wa Septemba 10, 2011 karibu na Nungwi ikielekea Pemba, imejaza kupita uwezo wake. Mwaka haujapita, Julai 18, 2012, MV Skagit iliyotoka hapa hapa Dar ikazama karibu na Chumbe. Huyo mama anayajua maji hayo kuliko mtalii yeyote.

Ndo maana nasema raha ya baharini haianzi na kiti kizuri, inaanza gatini. Nunua tiketi dirishani, siyo kwa kijana anayekukimbilia njiani. Toa jina lako kamili, maana chombo kikipata matatizo orodha ndiyo inayokutafuta. Ukishapanda, uliza jaketi la kujiokolea liko wapi, na mlango wa dharura uko upande gani. Ukiona watu wamekaa mpaka kwenye ngazi, shuka. Nauli inauma, lakini inarudi kwa jasho. Wewe hurudi.

Jambo la pili ni tumbo. Wakati wa kusi, hasa Juni mpaka Agosti, mkondo wa Unguja huchafuka na mashujaa wengi huaibika. Kula kidogo asubuhi, achana na supu ya utumbo. Kaa sehemu ya chini, katikati au nyuma, ambako chombo hakirushi sana, kisha kaza macho kule mbali bahari inapokutana na mbingu. Tangawizi nayo husaidia. Ukipenda bahari tulivu, ngoja kusi ipite, uende mwezi Novemba au mwanzoni mwa Desemba.

Ukishahakikisha hayo, kaa sasa. Usihesabu mauzo, usimpigie mtu wa dukani. Soksi za Mtaa wa Kongo zitauzika bila wewe, na ukirudi utazikuta nyingine. Na ukimwona yule mama wa vitenge pale karibu na mlango, msogelee, msalimie. Labda siku hiyo mtasinzia wote wawili.

Haya, safari njema. Tukutane wiki ijayo!